Pipa la Togwa ya Askofu

"Harusi nzima!" alisema Bi Time, akaweka ndoo yake chini ili mikono ipate nafasi ya kusema. "Nawaambia, harusi nzima. Wamekunywa sharubati alasiri, magharibi haijaingia watu wanatapika, wengine wanatetemeka kama wana homa. Na sharubati yenyewe tamu, haina neno. Neno lilikuwa kwenye pipa."

Bi Time alikuwa muuza dagaa. Alitoka Moa, akaolewa hapa Kwemtindi, kijiji kilichojificha nyuma ya Maramba. Habari za pwani zote zilifika kisimani kupitia kwake, na hazikufika zikiwa zimekonda.

"Pipa lilikuwa na nini?" aliuliza mama mmoja.

"Lilikuwa la dawa. Sijui ya wadudu, sijui ya ng'ombe. Walilisugua wee, likang'aa kama sahani. Lakini chuma hakisahau, mwenzangu."

"Bi Time nawe! Mwezi uliopita ulituambia papa kamla mbwa wa polisi."

"Kamla! Mkia wake si walimkuta nao tumboni?"

Wanawake walicheka mpaka kamba ikamponyoka mmoja wao. Bibiana hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la tano, na kwa kawaida kicheko chake kilitangulia cha wenzake. Siku hiyo ya Alhamisi alijitwisha ndoo, akaondoka bila kuaga. Njia nzima maneno yale yalimfuata. Chuma hakisahau. Chuma hakisahau.

Maana pipa lililokuwa nyuma ya kanisa, likingoja togwa ya Jumapili, ni yeye aliyelileta. Na alijua alikolitoa.

Ilikuwa miaka ile ambayo sukari ilipimwa kwa kikombe, na mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi ili kila nyumba ipate kipande. Soda watoto waliijua kwa kusimuliwa. Askofu hakuwa amefika Kwemtindi kwa miaka mitatu. Mara petroli hakuna, mara tairi hakuna. Watoto wa kipaimara walingoja, wakaendelea kungoja, mpaka mmoja wao akaanza kuota ndevu na wenzake wakamwita Mzee wa Kanisa.

Sasa barua ilikuwa imekuja. Askofu angefika Jumapili hii. Padre Luka aliisoma kanisani mara mbili, na wiki yote ikapangwa. Jumatano watoto kumi na wanane wa kipaimara wachukue vitambaa vyeupe vya kichwani. Alhamisi kufagia uwanja na mazoezi ya kwaya. Ijumaa kuosha vyombo. Jumamosi asubuhi kupika, mchana watoto waungame, na Jumapili Misa. Umoja wa Mama walichanga unga, wakaotesha mtama kwa ajili ya kimea cha togwa. Katibu wao alikuwa Elizabeti, mama yake Bibiana, mwanamke wa darasa la nne aliyeandika kila jambo kwenye daftari moja lililobanwa kwa mpira.

Kasoro ilikuwa chombo tu. Kila mwaka kanisa liliazima pipa dogo la Mzee Mwinyijuma, Mwislamu aliyekaa ng'ambo ya kilima. Pipa hilo lilikuwa la maji ya harusi na maulidi, na lilikuwa safi kuliko sufuria za watu wengi.

"Ukitoka shule Jumatano nenda moja kwa moja kwa Mzee Mwinyijuma," mama alimwambia. "Msalimie vizuri. Liviringishe polepole, usilibonde kwenye mawe."

Bibiana alienda. Lakini alipofika nusu ya njia, rafiki yake Precious alimkimbilia kwa nyuma, akihema.

"Wewe unaenda wapi? Vitambaa vimeanza kugawiwa! Na havitoshi. Mwalimu Laurenti kasema vipo kumi na vitano."

"Si tuko kumi na wanane?"

"Ndio hivyo. Wa mwisho atavaa gunia." Precious akacheka, akarudi mbio.

Bibiana alisimama. Kwa Mzee Mwinyijuma ni mwendo wa saa nzima, na kurudi na pipa ni zaidi. Miaka mitatu amekingoja kitambaa kile. Ndipo macho yake yalipoangukia njia ya panya iendayo kwenye josho la zamani, pale ng'ombe walipokuwa wakiogeshwa dawa ya kupe zamani za mwenye shamba. Mwenye shamba alikwisha kuondoka, majani yamefunika kila kitu. Ghala lilibaki bila mlango, na ndani ya ghala kulikuwa na mapipa.

Alichagua moja dogo la kijani, lisilo na kutu, lenye mfuniko wa kukaza ulioandikwa Kiingereza. Ubavuni lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa cha mtu na mifupa miwili iliyopishana. Bibiana aliitazama picha ile, na moyo ukamdunda. Kisha akachukua jiwe na mchanga, akaisugua mpaka ikafutika. Alipolifungua, likatoa harufu kali, kama vitunguu vilivyooza vikamwagiwa mafuta ya taa. Akaliacha wazi kidogo lipigwe na upepo, halafu akaliviringisha hadi kanisani. Kitambaa alikipata. Alikuwa wa kumi na nne.

"Mzee Mwinyijuma hajambo?" mama aliuliza jioni ile.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mbona pipa limebadilika rangi?"

"Ni jingine. Lile kamwazima mtu."

"Na harufu hii?"

"Aliwekea mafuta ya taa, mama."

Tazameni, wanangu. Uongo wa kwanza ulimgharimu Bibiana pumzi moja. Wa pili na wa tatu ulitoka wenyewe, kama siafu wanaomfuata wa mbele.

Ijumaa akina mama walilisugua pipa kwa majivu, mchanga na majani ya mpapai, maana sabuni ya kuoshea pipa nani alikuwa nayo? Maji machafu waliyamwaga nyuma ya jiko la kanisa. Bibiana alisimama mbali, akatazama kuku wa Mwalimu Laurenti, mwalimu wa dini, wakija kuyanywa. Alitaka kuwafukuza. Angewafukuza, angeulizwa kwa nini.

Alasiri kuku watatu walikuwa wamelala chali, miguu juu.

"Kideri hicho," alisema Mwalimu Laurenti, akiwanyanyua kwa miguu. "Kideri kimenivizia wiki ya Askofu! Nilikuwa nimemwekea huyu jogoo."

"Basi Askofu atakula mchicha," akina mama walimtania.

"Atakula mchicha na sala zangu."

Wakacheka tena. Kwa nini kila mtu alikuwa anacheka wiki ile? Bibiana alikwenda nyuma ya kanisa, akatapika chakula chake cha mchana ingawa hakuwa ameonja kitu chochote kibaya. Kila alipofumba macho aliona lile fuvu. Alikuwa amelifuta pipani, nalo likahamia kichwani mwake.

Alijua la kufanya. Angemwendea mama, aseme, "Mama, pipa lile ni la josho." Maneno sita hayazidi sekunde mbili. Lakini akafikiri: mama atanipiga. Kisha: mama ataaibika mbele ya Umoja mzima. Kisha: nitanyimwa kipaimara, na Askofu atarudi lini, baada ya miaka mitatu mingine? Kila fikra ilikuwa mkono uliomziba mdomo.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya maungamo. Watoto walipanga foleni kwenye benchi, mmoja mmoja akaenda kupiga magoti mbele ya Padre Luka.

"Padre, nilimdanganya mama."

"Ulimdanganya nini, mwanangu?"

"Kuhusu... kuhusu nilikotoa kitu alichonituma."

"Kitu chenyewe umekiiba?"

"Hapana, Padre. Kilikuwa kimetupwa."

Padre Luka alingoja aendelee. Nyuma yake wenzake walikuwa wakingoja na jua linakwenda.

"Basi nenda kamwambie mama yako ukweli," alisema Padre. "Leo hii, kabla jua halijatua. Hicho ndicho kitubio chako." Akampa ondoleo la dhambi.

Bibiana alitoka kanisani mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Amesamehewa! Na Mungu akishasamehe, kibaya kitabaki kuwa kibaya? Alijiambia pipa nalo limetakasika. Alijiambia Padre ni mtu wa Mungu, bila shaka ameelewa, atafanya jambo. Alijiambia mengi kati ya mlango wa kanisa na jiko.

Jikoni akina mama walikuwa wakimimina. Togwa iliteremka pipani nzito na nyeupe, ikinukia kimea. Elizabeti aliimba, jasho likimtiririka.

"Bibiana! Njoo ushike mwiko, mwanangu. Tazama! Mwaka huu soda hatuna hata ya kuitazama kwa macho, lakini Askofu wetu atakunywa kitu cha maana!"

"Mama..."

"Nini?"

Wanawake sita waligeuka kumtazama. Mama yake alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo Bibiana hakuwa ameliona tangu baba yake afariki.

"Hakuna, mama."

Nitasema kesho asubuhi, alijiambia. Kesho kukipambazuka.

Kulipopambazuka, mama alikwisha kwenda kanisani kupanga viti.

Askofu alifika saa tatu kwa gari la kijivu lililojaa vumbi mpaka kwenye kioo. Vigelegele vilipigwa, kwaya ikaimba. Watoto waliingia wawili wawili, vitambaa vyeupe vichwani, na wale watatu waliokosa walikuwa wameshonewa vya mfuko wa unga uliochemshwa hadi maandishi yakatoka. Hakuna aliyevaa gunia. Bibiana aliviona vitambaa vile, akahisi machozi. Kwa hiyo hata angechelewa, asingekosa.

Askofu alipomwekea mikono kichwani, mikono ilikuwa ya joto, lakini Bibiana alihisi baridi mpaka kwenye nyayo. Padre Luka alisimama kando ameshika kitabu. Bibiana alimtazama, akingoja ishara. Padre akamtabasamia tu kama alivyomtabasamia kila mtoto. Hapo ndipo alipojua kwamba Padre hajui lolote, na kwamba katika kanisa zima lenye watu mia tatu, anayejua ni yeye peke yake.

Baada ya Misa watu walikusanyika kwenye banda la makuti. Wageni walikuwa wengi, hata Mzee Mwinyijuma alikuja na kofia yake iliyotariziwa kumsalimia Askofu, kama alivyofanya kila sikukuu. Pipa lilikuwa katikati, limefunikwa majani ya mgomba. Vikombe vilikuwa mezani. Bibiana alianza kusukuma watu apite mbele, lakini watu walikuwa wamebanana.

Sasa, kwetu aliyepika ndiye anayeonja wa kwanza. Hampi mgeni kinywaji kabla yeye mwenyewe hajakinywa machoni pa watu, ili mgeni ajue hakuna baya ndani. Elizabeti alichota kikombe, akakinyanyua.

"Baba Askofu, karibu Kwemtindi. Naonja mimi, kisha unywe wewe na wanao."

"Mama, usinywe!"

Sauti ilikuwa kali kiasi kwamba mtoto mchanga mmoja alianza kulia. Lakini funda la kwanza lilikuwa limekwisha kupita. Bibiana alijirusha, akakipiga kikombe kwa kiganja, togwa ikamwagika kwenye kanga ya mama yake na kwenye viatu vya Askofu.

"Kapandwa na nini huyu?" mtu alisema.

"Mshikeni! Mbele ya Baba Askofu!"

"Pipa ni la josho!" Bibiana alilia. "La dawa ya ng'ombe! Nilifuta picha. Msinywe, jamani, msinywe!"

Watu walitazamana. Mama mmoja akasema, "Mtoto mwongo. Pipa ni la Mzee Mwinyijuma, mama yake mwenyewe kasema."

Mzee Mwinyijuma akasogea mbele. "Pipa langu liko nyumbani," alisema taratibu. "Nimelisugua tangu Jumatatu, nangoja mtu wa kulichukua. Mtoto huyu hakufika kwangu." Akainama, akanusa mfuniko uliowekwa kando, akarudi nyuma haraka. "Asemalo ni kweli. Nilifanya kazi pale josho. Elizabeti, umemeza?"

"Nimemeza kidogo. Ilikuwa na uchungu." Elizabeti alijaribu kutabasamu, lakini mate yalikuwa yameanza kumtoka pembeni mwa mdomo. "Si neno. Ni kidogo tu."

"Dawa ile haina kidogo. Hospitali! Sasa hivi! Na mfuniko uchukuliwe, daktari aone maandishi."

"Gari lipo," Askofu alisema. Dereva wake akamnong'oneza kuwa petroli ni ya kurudia mjini tu. "Nimesema gari lipo. Mimi nitarudi kwa miguu yangu ikibidi."

Walimbeba Elizabeti mikononi. Bibiana alipanda nyuma, kichwa cha mama kikiwa mapajani pake. Njia yote mama alitoka jasho na kutetemeka, macho yake yamekuwa madogo, anamtazama binti yake kama mtu anayemtazama mtu aliye mbali. Bibiana alirudia neno moja: "Mama. Mama. Mama." Kitambaa cheupe alichokipigania kilitumika kumfutia mama mate.

Hospitali walimpokea mbio. Mlango ukafungwa. Bibiana akaachwa kwenye benchi la nje, na Padre Luka aliyekuja nao akakaa kando yake. Saa zilipita. Kila viatu vya muuguzi viliposikika, Bibiana alishika ukingo wa benchi.

"Padre," alisema mwisho, "si niliungama? Si ulisema nimesamehewa?"

Padre Luka alimgeukia. "Kwa kuwa umelitaja mwenyewe, nitakujibu. Uliungama, ukasamehewa. Lakini nilikwambia pia umwambie mama kabla jua halijatua. Ulifanya?"

"Hapana."

"Maungamo yanaosha moyo, mwanangu. Hayaoshi pipa. Pipa lilihitaji mtu wa kulimwaga, na mtu huyo alikuwa wewe."

Bibiana alilia, na Padre hakumzuia.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama daktari alitoka. "Anapumua vizuri," alisema. "Alimeza funda moja tu. Angemaliza kikombe, nisingekuwa nazungumza nanyi hivi. Na wale watu wengine wangekunywa, vitanda vya hospitali hii visingetosha, hata sakafu." Alimtazama Bibiana. "Wewe ndiye uliyepiga kelele? Ulichelewa. Lakini ulipiga."

Elizabeti alilazwa siku nne. Huko Kwemtindi wanaume walichimba shimo refu mbali na kisima, togwa yote ikafukiwa. Pipa walilitoboa kwa sururu pande zote lisije likamtamanisha mtu mwingine, nalo likafukiwa. Bwana shamba wa serikali akaja kutoka Maramba kufunga lile ghala la josho, akiwa amechelewa miaka kadhaa. Habari ya harusi ya Moa hakuna aliyepata kuithibitisha. Bi Time mwenyewe alipoulizwa alisema yeye aliambiwa na mtu.

Siku mama aliporudi nyumbani, sauti yake ilikuwa inakwaruza. Bibiana alipiga magoti akangoja fimbo. Mama hakuchukua fimbo.

"Nisikilize," alisema. "Ungekuja mikono mitupu Jumatano ile, ningekugombeza. Ungeniambia Alhamisi, ningekuchapa. Jumamosi ungenitia aibu mbele ya watu, ningelia. Yote hayo yangepita. Kifo hakipiti, na mtu akifa harudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa lete daftari. Mimi mkono bado unatetemeka, wewe uandike ninayokutajia. Jumapili nitayasoma mbele ya kanisa, na wewe utasimama kando yangu."

Jumapili ile walisimama wawili, mama na binti, na Elizabeti akayasoma maneno haya bila kuyapamba:

Usichukue chombo usichojua kilibeba nini, hata kama ni kizuri na hakina mwenyewe.

Usitie chakula wala maji kwenye pipa, dumu au chupa ya dawa. Kusugua hakutoshi. Majivu hayatoshi.

Usifute alama ya hatari. Imewekwa kwa ajili ya yule asiyejua.

Usimwage maji ya kuoshea dawa mahali kuku au watoto wanapita.

Kuku wakifa ghafla, usiseme ni kideri ukaendelea na kazi. Uliza wamekunywa nini.

Usimtume mtoto kazi ya mtu mzima kisha usiende kutazama. Hili ni langu mimi.

Usimsingizie mtu salamu ambazo hakutuma.

Usidhani ukishatubu umemaliza, kama ulichokiharibu bado kipo.

Usiseme "nitasema kesho."

Usiogope fimbo ya mama yako kuliko kaburi lake.